Kola Haiongezi Ugumu wa Springi: Niliyojifunza Malindi Kuhusu Shoki ya Koili

Hapa Malindi, ukimpelekea fundi kitu chenye springi ukamwambia kinazama, jibu ni moja: kaza. Bodaboda ikipakia abiria wawili na gunia la makaa, fundi huchukua spana yake ya ndoano, akazungusha ile ringi ya shoki inayobana springi, yaani kola, daraja moja au mawili, kazi ikaisha. Kwa bodaboda njia hiyo inafaa, kwa sababu mzigo hubadilika kila saa na hakuna mtu atakayebadilisha springi kila anapopata abiria. Baiskeli ya milima humbeba mtu yule yule leo na kesho, na juu yake tabia hiyo ya kukaza imeharibu shoki nyingi nzuri. Ninatengeneza baiskeli mjini hapa kwa miaka sasa, na kama ningepewa nafasi ya kumwambia mwenye shoki ya koili, ile ya springi ya chuma, jambo moja tu kabla hajashika spana, ningemwambia hili: ugumu wa springi umo ndani ya chuma chenyewe, na hakuna ringi unayoweza kuizungusha ukauongeza.

Nililielewa vizuri kupitia baiskeli ya binamu yangu. Aliinunua kwa Mwitaliano mmoja aliyekuwa anafunga nyumba yake na kurudi kwao. Malindi imejaa Waitaliano, na wanapoondoka huacha vitu ambavyo duka la hapa halingeleta kamwe. Ilikuwa baiskeli ya kushukia milima hasa: gurudumu la nyuma likipanda na kushuka milimita 150, shoki ya milimita 230 kutoka tundu la bolti moja hadi jingine, na mwendo wa shoki yenyewe milimita 60. Juu yake springi nene ya chuma. Alipoileta kibandani kwangu nilifurahi kama vile yangu.

Alikuwa amekwisha kuipitisha kwa fundi wa bodaboda, mzee ambaye mimi mwenyewe namheshimu sana kwa kazi ya injini. Binamu alikuwa amemlalamikia kwamba akikaa, nyuma inazama mno. Mzee aliikaza. Nilipokwenda kumsalimia na kumuuliza, aliniambia kwa kujiamini, "Mwanangu, hiyo nimeibana vizuri. Haitazama tena."

Na kweli haikuzama. Nilimpandisha binamu akiwa na mkoba wake na maji, nikapima kutoka bolti hadi bolti: 212. Kutoa kwenye 230, shoki ilikuwa imeingia milimita 18, yaani asilimia 30 ya mwendo wake. Baiskeli nyingi za aina hii hutakiwa kuzama kati ya asilimia 28 na 33 mwendeshaji anapokuwa juu yake. Kwa rula, kila kitu kilikuwa sawa. Nadhani hapo ndipo watu wengi husimama, wakakaza bolti na kwenda zao.

Lakini njiani ilikuwa baiskeli ya ajabu. Tulivuka daraja la Sabaki tukaelekea Marafa, barabara ya maramu iliyojikunja kama mabati, halafu tukaingia vijia vya kandokando ya Nyari, lile bonde ambalo mvua imelichonga kwenye udongo mpaka tabaka nyeupe, za waridi na nyekundu zikabaki wazi. Kwenye vijiwe vidogo baiskeli ilikuwa inamrusha, kana kwamba haina shoki kabisa. Kisha kwenye kila shimo la maana au ngazi ya mwamba, ilizama yote kwa mara moja na kugota kwa mlio wa chuma. Ngumu mwanzoni, dhaifu mwishoni. Binamu akaniuliza, "Sasa kaka, hii ni ngumu au ni laini?" Ni swali zuri kuliko alivyodhani, kwa sababu ilikuwa vyote viwili.

Springi za baiskeli huandikwa namba mbili ubavuni. Yake ilikuwa imefifia lakini ilisomeka: 350 kwa 65. Namba ya kwanza ni ratli zinazohitajika kuisukuma inchi moja. Sisi tuliozoea kilo na milimita tugawanye kwa 56: 350 ni kilo 6 na robo kwa kila milimita. Namba ya pili ni umbali ambao springi inaweza kubonyea kabla mizunguko ya waya haijagusana, hapa milimita 65.

Sasa tuhesabu uzito wa binamu. Akiwa na viatu, kofia, mkoba na lita 3 za maji, kwa sababu jua la Marafa halikusamehi, ni kilo 90. Niliweka gurudumu la nyuma juu ya mizani na la mbele juu ya ubao wa kimo kile kile, akasimama kwenye pedali magoti yamekunjwa kidogo kama anavyoteremka. Ukiondoa uzito wa baiskeli, nyuma ilibeba kilo 58 na nusu hivi, karibu asilimia 65 ya uzito wake. Lakini shoki haibebi kilo 58. Fremu ni wenzo: gurudumu likitembea milimita 150, shoki hutembea 60, kwa hiyo kila kilo kwenye gurudumu huwa kilo 2 na nusu kwenye shoki. Tukizidisha tunapata kilo 146. Ili kilo 146 zishushe shoki milimita 18, springi inatakiwa iwe na ugumu wa kilo 8 na kidogo kwa milimita. Zidisha kwa 56 unapata kama 455. Springi inayomfaa ni ya namba 450. Aliyokuwa nayo ni 350, na ukirudisha hesabu hiyo nyuma utaona ilikuwa inamfaa mtu wa kilo 69 pamoja na kila alichovaa. Mwitaliano yule alikuwa mtu mwembamba.

Kwa hiyo bila kukazwa, springi ya 350 ilikuwa ikizama kama milimita 24 chini ya binamu, asilimia 40. Mzee alikuwa ameibana kwa kola milimita 6 hivi, na 24 ukiondoa 6 ni 18. Rula ikafurahi. Angalia kilichotokea ndani yake. Springi iliyobanwa milimita 6 kabla ya safari kuanza inasukuma kwa kilo 37 na nusu ingali imekaa tu, 6 mara 6 na robo. Maana yake shoki haitasogea hata kidogo mpaka nguvu inayoifikia ivuke kilo hizo. Gurudumu likidondokea shimoni na kuachwa bila mzigo, linaporudi kukutana na ardhi linakutana nayo likiwa gumu. Ndiyo sababu ya ule mrusho kwenye vijiwe. Upande wa pili, mwisho kabisa wa mwendo, springi hiyo imebonyea milimita 66 na inarudisha kilo 412. Springi iliyomfaa ingekuwa inarudisha kama kilo 500 mahali pale pale. Hizo kilo 88 zilizokosekana ndizo zilizokuwa zikimfikisha mwisho kila alipopiga ngazi ya mwamba.

Na kuna ubaya zaidi. Springi ilikuwa na nafasi ya milimita 65. Kubana 6 na mwendo wa 60 ni 66. Nilipoitoa na kuitazama kwa tochi, rangi ilikuwa imeng'oka kwenye mizunguko miwili ya katikati, sehemu zilizong'aa zikitazamana. Waya ulikuwa umekwisha kugusana kabla shoki haijafika mwisho wa mwendo wake. Ule mlio wa chuma haukuwa shoki kugota, ilikuwa springi yenyewe imejifunga na kugeuka kipande kimoja cha chuma. Ukiendelea hivyo unavunja kitu, na mara nyingi ni lile sikio la chini la shoki au fremu.

Kola kazi yake ni ndogo sana. Ishushe mpaka iguse springi, kisha zungusha mzunguko mmoja zaidi, springi isicheze wala kulialia unaponyanyua baiskeli. Mmoja ukizidi, miwili. Ukijikuta unataka wa tatu, unataka springi nyingine. Ukijikuta kola imelegea kabisa na bado haizami vya kutosha, unataka springi laini zaidi, na usiilegeze kola mpaka springi ikawa huru, kwa maana ile sahani inayoishikilia inaweza kuchomoka njiani.

Kupata springi ya 450 Malindi ni jambo la kusubiri. Kwa mzee wa bodaboda zipo springi, lakini hazifanani kwa kipenyo wala urefu, na hata zile za baiskeli hazilingani kipenyo cha ndani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Ikiwa kubwa, inacheza pembeni na kusugua mwili wa shoki. Ikiwa ndogo, haiingii. Muuza vipuri vya mitumba Mombasa alikuwa na moja iliyoingia vizuri, urefu sawa, lakini namba ilikuwa imefutika yote. Alisema ni 450. Ningependa kumwamini, ila springi hazisomeki kwa macho. Ugumu hutegemea unene wa waya kwa kipeo cha nne: waya ukinenepa kwa asilimia 5 tu, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 22. Tofauti hiyo huioni hata ukiziweka mbili sambamba mezani.

Basi tuliipima. Na hapa nimshukuru mzee wa bodaboda, maana yeye ndiye aliyekuwa na jeki na ndiye aliyepata wazo la mizani ya magunia kwa jirani yake anayeuza mahindi. Nilimwonyesha zile alama za kugusana kwenye springi ya zamani, akazipapasa kwa kidole gumba, akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Lete hiyo nyingine tuipime." Tuliiweka springi wima juu ya mizani, ndani yake tukapitisha kipande cha bomba ili isije ikaruka, juu tukaweka bamba la chuma na jeki chini ya boriti. Tahadhari hapa si ya mchezo. Springi iliyobanwa kwa kilo 160 ikichomoka inavunja taya la mtu. Tukaibana milimita 10 tukasoma, tukaibana hadi 20 tukasoma tena. Mwanzo wa springi hauaminiki kwa sababu ncha zake bado zinajikalisha, kwa hiyo tulichukua tofauti ya kipande cha pili peke yake: mizani ilipanda kilo 82 kwa milimita 10. Kilo 8.2 kwa milimita, karibu 460. Springi huwa hazilingani barabara na namba yake, na hii ilikuwa ndani ya kawaida. Muuzaji alikuwa amesema kweli.

Tangu siku ile tunapima springi yoyote isiyo na namba, na mzee sasa huwapima hata wateja wake wa pikipiki. Kwa maoni yangu kila gereji ya baiskeli pwani ingekuwa na namna ya kufanya hivyo, kuliko kubahatisha.

Kabla ya kuifunga, springi ikiwa nje, kuna kipimo kingine ambacho naona ni muhimu kuliko watu wanavyokipa nafasi. Shoki bila springi hubonyea kwa mkono. Funga shoki kwenye fremu bila springi, kisha uibonyeze milimita 10 kwa 10 huku ukipima ekseli ya nyuma inapanda kiasi gani. Kwa ile ya binamu, milimita 10 za kwanza za shoki zilipandisha gurudumu 28, na 10 za mwisho zilipandisha 22. Maana yake wenzo unapungua nguvu kadiri unavyozama, na fremu yenyewe inaongeza ugumu wa mwisho kwa zaidi ya asilimia 20. Hiyo ni fremu ya koili. Shoki ya hewa hujikaza yenyewe kuelekea mwisho kwa sababu hewa inabanwa katika chumba kidogo. Springi ya chuma haifanyi hivyo, milimita ya mwisho ni sawa na ya kwanza. Kama fremu yako ina vipimo vinavyokaribiana mwanzo hadi mwisho, springi ya koili itakulazimisha kuchagua kati ya laini inayogota na ngumu isiyozama. Nimewahi kumwambia mteja abaki na shoki yake ya hewa kwa sababu hiyo, ingawa alikuwa na pesa mkononi.

Kwa hali yetu lakini, fremu ikikubali, mimi naipendelea koili. Hewa hupanda na joto. Shoki uliyoijaza asubuhi kwenye nyuzi 25, ikifika 55 baada ya kuachwa juani msimu wa kaskazi na kuteremshwa kwa nguvu, shinikizo lake limepanda kwa takriban asilimia 10. Uliyoiweka si hiyo tena. Chuma hakijali. Tena haina zile sili kubwa za hewa za kusuguana, kwa hiyo kwenye barabara iliyojikunja gurudumu linafuata ardhi bila kusita. Uzito unaongezeka, gramu mia kadhaa, na ukipanda unausikia. Kwa njia za huku ambako milima ni michache na mashimo ni mengi, bei hiyo naikubali.

Tulipofunga springi mpya na kuzungusha kola mzunguko mmoja, shoki ilishuka milimita 18. Asilimia 30 ile ile aliyoipata mzee, rula haikuona tofauti yoyote. Binamu aliiona kabla hajatoka nje ya lango.

Kupima nako kuna namna yake. Watu hukaa kwenye tandiko wakiegemea ukuta, kisha wanashangaa namba zinapobadilika. Ukikaa, uzito unakwenda nyuma. Ukisimama kwenye pedali, sehemu yake inahamia mbele. Mimi hupima mtu akiwa amesimama, mikono kwenye usukani, macho mbele, na mtu mwingine akishikilia tairi la mbele. Anaruka kidogo kwa miguu ili bushi na sili zilegee, anatulia, ndipo tunapima katikati ya bolti hadi katikati ya bolti. Tunarudia mpaka vipimo viwili vifanane. Shoki nyingi za koili hazina ule uzi wa raba wa kuonyesha ilipofika, lakini raba ya kuzuia kugota iliyo kwenye shafti husaidia: ikiwa yako hubaki inaposukumwa, isogeze mpaka mwisho wa shafti kabla ya safari, kisha utazame ilipofika ukirudi. Shoki itumie mwendo wake wote mara chache, kwenye pigo kubwa kuliko yote ya siku. Isiyofika kamwe ni ngumu mno, na inayofika kila kona ni laini.

Baada ya springi ndipo mafuta yaliyo ndani ya shoki, yanayoipunguzia kasi. Ile nobu nyekundu ya kasi ya kurudi huamua shoki inajinyoosha haraka kiasi gani baada ya kubonyea. Springi ngumu zaidi inasukuma kwa nguvu zaidi, kwa hiyo iliyokuwa sawa kwa 350 haiwezi kuwa sawa kwa 450. Lazima uifunge zaidi kidogo. Mimi huanza kwa kuifunga yote kuelekea kulia, halafu nahesabu tik zake nikirudi, kila tik hatua moja, na naandika namba hiyo kwenye karatasi ninayoibandika chini ya fremu. Kisha tulikwenda kwenye ukingo wa lami Barabara ya Lamu mapema, kabla tuktuk hazijajaa, binamu akashuka ukingo akiwa amekaa. Nyuma ikishuka, ikarudi juu, ikapita kidogo na kutulia, umekaribia. Ikiyumba juu chini mara mbili au tatu, inarudi upesi mno. Ikirudi kwa uvivu kama imechoka, imefungwa mno.

Kipimo hicho cha ukingo ni cha kuanzia tu, na hapa ndipo barabara ya Marafa ilipotufundisha. Kwenye lami ilionekana barabara kabisa. Kwenye maramu yenye mikunjo, baada ya mita mia hivi, binamu akasema imeanza kuwa ngumu chini yake. Nikamfuata nyuma nikaona kwa macho: kila tuta lilimkuta shoki haijamaliza kujinyoosha kutoka tuta lililopita, ikabonyea kutoka chini zaidi, na zaidi, mpaka ilikuwa inafanya kazi kwenye theluthi ya mwisho ya mwendo wake. Mtu anayeisikia hivyo hudhani springi ni ngumu na hukimbilia kuilegeza. Dawa yake ilikuwa kufungua nobu nyekundu hatua mbili. Ikatulia. Tungeigusa kola hapo, tungerudi nyuma kwenye kosa lile lile kwa mlango mwingine.

Nobu ya bluu, ya kuzuia kubonyea, niliiacha karibu wazi yote. Naona watu wakiifunga ili baiskeli isizame, na kazi ya kuzuia kuzama ni ya springi. Hatua chache zinasaidia nyuma isiyumbe kwenye kona na mtu anapopiga pedali akiwa amesimama. Zaidi ya hapo unayafanya mafuta yabebe mzigo wa chuma. Upepo wa tairi nao uwe ule ule kila unapojaribu, vinginevyo hujui umebadilisha nini.

Arabuko-Sokoke tulikwenda baadaye, kwa kibali na mwongozaji, maana ndovu wamo. Msitu ule una kilomita za mraba 420 hivi, na uzuri wake kwa mtu anayejaribu baiskeli ni kwamba ardhi inabadilika chini yako: mchanga mweupe penye miti ya mrihi, kisha ukielekea magharibi udongo mwekundu mgumu na vichaka vizito. Kwenye mchanga shoki haina la kufanya, hapo ni tairi na miguu. Kwenye udongo mwekundu, mizizi na nyayo za ndovu zilizokauka, nyuma ilikuwa imetulia kiasi kwamba nilianza kuilaumu foku ya mbele. Hilo ni la kutegemea. Ukirekebisha upande mmoja vizuri, upande wa pili hujitangaza, na mbele ikiwa ngumu kuliko nyuma, baiskeli inaegemea nyuma na gurudumu la mbele linapoteza mshiko kwenye kona. Tulipunguza upepo wa foku kidogo kidogo mpaka pande zote mbili zikashuka pamoja nilipomwambia akanyage katikati kwa miguu yote miwili.

Chumvi ndiyo adui aliyebaki. Kuanzia Malindi hadi Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, hewa yenyewe inakula chuma. Springi ni chuma kilichopakwa rangi tu. Rangi ikibanduka, kutu huanza kutoboa vishimo vidogo, na waya unaobonyea maelfu ya mara hupasukia kwenye vishimo hivyo. Kwa hiyo ile springi ya 350 yenye alama za kugusana sikukubali kumuuzia mtu, ingawa alikuwepo kijana mwepesi aliyeitaka. Nimeining'iniza ukutani, nawaonyesha wateja.

Visima vingi vya mjini vina maji ya chumvi, kwa hiyo kuosha kwa maji ya kisima ni kuiongezea. Tumia maji ya bomba yanayotoka Baricho, au ya mvua, bila kupuliza kwa nguvu kwenye sili. Kausha. Shafti ifutwe kwa kitambaa safi na isipakwe mafuta mazito, maana vumbi jekundu la Marafa hushikana nayo na kuwa msasa. Grisi kidogo sana ipakwe kwenye ncha mbili za springi tu, pale inapokaa kwenye kola na kwenye sahani, kwa sababu springi ikibonyea hujisokota kidogo na isipoweza kuteleza inalia na kuisukuma shafti pembeni. Ukiirudisha, angalia ncha ya waya isiangukie kwenye mwanya wa sahani. Kisha nyanyua baiskeli kwa tandiko ukiwa umeweka kidole kwenye bushi za shoki: ukihisi kitu kinagonga kidogo, bushi zimeisha, na hakuna marekebisho yatakayokuwa ya kweli mpaka zibadilishwe.

Mafuta ya ndani yakianza kuvuja, au shoki ikitoa sauti ya kubwabwaja na kurudi kwa kasi hata nobu ikiwa imefungwa, hiyo ipelekwe kwa mwenye vifaa. Mle ndani mna naitrojeni yenye shinikizo kubwa. Mzee wa bodaboda alitaka kuifungua siku moja kwa hamu ya kuona, nikamwomba aiache, tukaiacha.

Binamu sasa amepungua kilo kadhaa kwa kuendesha. Wiki iliyopita shoki yake ilishuka milimita 16 na nusu, akaniuliza kama tulegeze kola. Nilimwambia alete ile mizani ya mahindi kwanza, tujue ni kilo ngapi, kisha tutafute ya 425.